Kipimo cha Nguo za Watoto

Kwa miaka kumi na saba, dawa zote za kufulia katika udobi wa hospitali yetu zilipita mkononi mwa mtu mmoja. Tulimwita Mama Kikombe. Alikuwa amekata dumu la plastiki akabaki na kitako chake, akakichora mistari kwa msumari wa moto, na kwa hicho alipimia sabuni, dawa ya madoa, dawa ya kung'arisha na ile ya mwisho ya kukata ukali wa sabuni. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Mimi niliwahi kukichukua nichotee maji ya kupigia deki, akaninunia wiki nzima.

Kazi yangu ni kwenye mashine ya kunyoosha shuka, hatua kumi kutoka aliposimama yeye. Kwa hiyo ninayoyasimulia niliyaona, na mengine niliyachochea kwa mdomo wangu mwenyewe. Sitajificha.

Mama Kikombe alikuwa mtu wa kushuku. Akisalimiwa na mtu asiyemzoea, aliitikia, kisha akakaa akijiuliza huyu anataka nini. Chai ya mkamwana wake aliionja kwa ncha ya ulimi kwanza, ajue kama sukari imepunguzwa makusudi. Lakini hakuzaliwa hivyo. Katika kazi yake ya kwanza, kwenye kiwanda cha vitambaa, aliambiwa amfundishe binti mmoja kupima rangi na dawa. Akamfundisha kwa moyo wote, hadi na yale ya kujua kwa kunusa. Mwezi haukuisha, binti akabaki na kazi, yeye akaambiwa asante. Hiyo asante alitusimulia mara nyingi kiasi kwamba tuliijua kwa sauti yake.

Basi siku meneja alipokuja na kisanduku cheupe mikononi, akatukusanya penye mashine za kufulia, nilimtazama Mama Kikombe kabla ya kumtazama meneja.

"Hiki kitakuwa kinapima dawa chenyewe," meneja alisema. "Fundi atakifunga na kukipangia programu, siku mbili tatu. Baada ya hapo tutaangalia nani anabaki wapi."

Neno hilo la mwisho alilisema akiwa ameshageuka. Sisi tuliobaki nyuma tulilisikia vizuri.

Fundi alikuja kesho yake. Kijana wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mpole, sauti ya chini, na daftari mfukoni ambalo halikukaa mfukoni. Alikikaza kisanduku ukutani kwa skrubu nne. Ndani yake mlikuwa na pampu ndogo nne, na kila pampu ilikuwa na mpira mwembamba uliokwenda kuzama kwenye dumu lake. Akavuta na waya kutoka kwenye mashine ya kufulia, ili mashine ikifika hatua ya sabuni iite sabuni, ikifika hatua ya mwisho iite dawa ya mwisho. Kisha akafanya jambo lililotushangaza: alichukua kipimo cha kioo, akaiacha kila pampu ivute kwa dakika moja kamili, akasoma kilichoingia, akaandika, akabonyeza namba kwenye kisanduku.

"Hakijui kinavuta kiasi gani mpaka ukiambie," alitueleza, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Ukikiambia uongo, kitaufuata huo uongo kwa uaminifu kabisa."

Mpaka hapo sawa. Kilichotutia wasiwasi ni maswali. Alipima uzito wa shuka kavu, akapima na mbichi. Alimuuliza Mama Kikombe anafika saa ngapi, maji yakiwa na chumvi nyingi anafanyaje, damu iliyokauka anaianzia wapi. Kila jibu liliingia daftarini. Alikuwa na karatasi ya kiwanda yenye vipimo vyote vimechapwa, lakini kila mara aliikunja akamgeukia yeye. Mtu mwenye majibu mfukoni anauliza ya nini?

Wakati wa chai nilimsogelea Mama Kikombe. "Dada yangu, hapa pana jambo," nilimwambia nikiwa na mkate mdomoni. "Huyu hapimi dawa, anakupima wewe. Akishamaliza kuyahamisha ya kichwani mwako, utabaki na kikombe chako."

Nilisema nusu kwa utani. Yeye alilichukua lote. Aliweka kikombe cha chai chini bila kumaliza, na tangu hapo kila fundi alipofungua daftari, nilimwona akiuma mdomo wa chini.

Programu tano za kwanza aliambiwa ukweli, tena kwa kulazimika. Shuka nyeupe, nguo za upasuaji, mablanketi, mapazia, zenye damu: fundi alikuwa akiingiza kipimo na kuzifua palepale mbele yetu, na uongo ungeonekana nguo zikitoka tu. Ya sita ilikuwa ya nguo za watoto wachanga. Furushi lao halikuwa limeshuka kutoka wodini siku hiyo, na fundi alikuwa na kazi kwingine kesho yake.

"Imebaki hii moja, mama," alisema. "Za watoto unaweka vipi?"

Mama Kikombe alikuwa anakunja taulo. Hakuinua macho. "Sabuni kikombe kimoja na nusu."

"Na dawa ya kukata ukali, maji ya mwisho?"

"Hiyo siweki. Ya nini kwa vinguo vidogo?"

Mkono wangu ulisimama juu ya shuka. Miaka yote nilimwona akiweka sabuni nusu kikombe tu, na dawa ya mwisho mpaka mstari wa pili. Alikuwa akirudia kuzisuuza nguo zile mpaka sisi wengine tunalalamika tunachelewa.

Fundi alitazama karatasi ya kiwanda. Akamtazama mama. Nikajua tumekamatwa. Yeye akachukua kalamu akapiga mstari juu ya kipimo cha kiwanda.

"Aliyeandika hii hajawahi kuona maji yenu," alisema, akaingiza namba ya Mama Kikombe, akafunga mfuniko wa kisanduku, akatuaga mmoja mmoja.

Jioni tukitoka getini, Mama Kikombe alininong'oneza: "Nimempa cha kumtosha." Mpango wake ulikuwa mwepesi. Nguo zingetoka ngumu. Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, mwanamke asiyepuuza hata dogo, angezishika tu na kuzirudisha. Meneja angeshuka kwetu na uso umemshuka, aombe kikombe kirudi kazini. Nilicheka. Nataka ijulikane kwamba nilicheka.

Tulichokuwa hatukijui ni kwamba muuguzi mkuu alikuwa ameanza likizo siku hiyohiyo.

Wiki nzima kisanduku kilinguruma ukutani na hakuna furushi lililorudi. Mama Kikombe alikaa juu ya dumu tupu, mikono magotini, macho mlangoni. Kila aliyeingia, yeye alimtazama mikononi kwanza, kama amebeba furushi. Siku ya nne aliniuliza kama nadhani wale wa wodini hawana vidole. Siku ya sita hakuniuliza kitu. Nilimshuku kwamba anataka kwenda kuibadilisha mwenyewe ile programu, na nadhani alitaka, ila kisanduku kilikuwa na namba ya siri na kuiomba kulikuwa ni kujitaja.

Siku ya nane muuguzi mkuu aliingia mwenyewe, ametoka likizo asubuhi ileile, fulana ya mtoto mkononi, meneja nyuma yake.

"Watoto saba wana upele," alisema. "Shingoni na mapajani. Mmoja ana siku tatu duniani."

Mama Kikombe aliichukua fulana. Aliilowesha pindo kwa maji ya bomba, akaisugua kati ya vidole viwili. Nikaona vidole vinateleza. Sabuni bado ilikuwamo, na ukali wake wote. Aliirudisha, na rangi ya uso wake sikuipenda.

Fundi aliitwa, akafika mchana. Meneja hakumpa hata nafasi ya kushusha begi.

"Umeunguza watoto. Kipimo hiki umekitoa wapi?"

Fundi alifungua daftari. Nilikuwa karibu, niliuona ukurasa: programu ya sita, namba zake, na pembeni ameandika kwa mkono wake "kwa maelezo ya mama wa dawa". Angesoma mstari mmoja tu na yamekwisha. Alilitazama daftari kitambo, akalifunga.

"Kipimo ni changu," alisema. "Aliyekiingiza ni mimi, na sikukijaribu."

"Basi leo naiandikia kampuni yako. Ukifunga mashine nyingine, isiwe kwa mkono wa kampuni hiyo."

Nilitazama shuka zangu. Nitasema ukweli wote: niliomba kimoyomoyo Mama Kikombe anyamaze. Yule kijana angepata kazi kwingine, na mwenzangu ana wajukuu wawili wanaomtegemea. Alikuwa amekaa juu ya dumu lake, shingo imekaza, amejikaza kisabuni kama tulivyozoea kutaniana humo ndani. Meneja alikuwa ameshageuka kuondoka.

"Nilimdanganya," akasema.

Meneja akageuka tena.

"Sabuni ni nusu kikombe. Na dawa ya mwisho ninaweka, tena hiyo ndiyo kubwa kuliko zote. Nilijua nikishamaliza kusema yote, mtaniambia asante."

Muuguzi mkuu ndiye aliyesema, na hakupandisha sauti. "Watoto, mama? Si ungedanganya hata kwenye mapazia."

Mama Kikombe alifunika uso kwa viganja. Nilimjua kwa miaka kumi na saba na sikuwahi kumwona akilia, na hata siku ile sikumwona, niliona mabega tu.

Fundi alirekebisha programu palepale, Mama Kikombe akimtajia vipimo, yeye akibonyeza. Kisha Mama Kikombe alizikusanya nguo zote za wodi ile, safi na chafu, akazisuuza kwa mkono na dawa ya mwisho mpaka jua likaingia dirisha la magharibi, na hakukubali nimsaidie. Upele uliisha ndani ya siku nne. Alikuwa akipanda wodini kila siku kuuliza, anasimama mlangoni, haingii.

Meneja alitaka kumwachisha kazi. Ni fundi aliyemzuia. Alimwambia kisanduku hakinusi maji yaliyobadilika, anahitajika mtu wa kukisimamia, na mtu huyo alikwishamtaja. Akamwonyesha fomu aliyoijaza siku ya kwanza kabisa, kabla ya programu yoyote. Penye nafasi ya msimamizi wa mashine ilikuwa imeandikwa "mama wa dawa", na chini yake: "Ana ujuzi wa maji ya hapa. Asiondolewe."

Kumbe sababu ya yale maswali yote ilikuwa hiyo. Nilipoisoma fomu ile nilitamani mkate ule wa siku ile ungenikaba. Meneja aligunaguna, akaandika barua ya onyo, akamwacha. Mama Kikombe akapewa namba ya siri ya kisanduku, na kiti cha kukalia badala ya dumu. Sisi tukasema yameisha.

Baada ya miezi mitatu fundi alirudi kubadilisha mipira, maana hulegea. Aliingia na upole wake uleule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Alicheka. Alibadilisha mipira yote minne, akaipima upya kila pampu kwa dakika yake, huku Mama Kikombe akimshikia taa na kumpa bisibisi kabla hajaiomba. Ukiwaona ungedhani ni mtu na mama yake. Kisha akatoa daftari, akafungua ukurasa wa programu ya sita.

"Za watoto, bado ni nusu kikombe?"

"Nusu. Lakini mvua zimeanza, maji hayana chumvi tena. Unaweza kupunguza kidogo, robo ya mstari. Ya mwisho iache ilivyo."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi na haikushuka. Akanigeukia mimi kwenye mashine yangu, kwa sauti ileile ya chini, bila ubaya wowote.

"Eti dada, ndivyo ilivyo?"

Mama Kikombe alikuwa amesimama kati yetu, taa bado mkononi. Alitazama kalamu, akanitazama mimi, akasubiri jibu langu kama alivyolisubiri fundi.

Nikasema ndivyo. Ndipo akaandika.