Siku Niliyotoka Kwenye Mstari

Watu wa Likasi hutupigia makofi tunapopita kwenye gwaride la wanawake, mwezi wa tatu. Wanasema mamapolisi wanapendeza. Gwaride likiisha, kila mmoja anaijua njia ya kutukwepa. Silalamiki, nimechoka tu kupendwa siku moja kwa mwaka.

Kwenye kituo chetu nilikuwa mwanamke peke yangu. Mwanamke akitakiwa kupekuliwa, natafutwa mimi. Mama akitakiwa kuambiwa kwamba mwanawe amefikishwa hospitali akiwa hapumui, natafutwa mimi, na wanaume wenye vyeo vyao mabegani wanaangalia viatu. Nilitembeza habari mbaya za mji, na watu wakanitazama kana kwamba nilizipika mwenyewe.

Nyumbani nilikuwa na yaya mmoja, yaani dada mkubwa. Hatukuzaliwa pamoja. Alikuwa jirani yangu, mjane, muuza maandazi, na aliniita mdogo wake tangu siku niliyohamia pale. Nikirudi jioni nilikuta amenibakizia bukari, ugali wetu, na mboga ya sombe kwenye sahani iliyofunikwa. Mtu akinisengenya, yeye ndiye aliyemjibu, na alikuwa na ulimi. Zaidi yake sikuwa na mtu.

Mwanawe mkubwa alikuwa mchimbaji wa madini huko Kamatanda. Siku shimo lilipoporomoka tulitumwa kuzuia watu, maana udongo ulikuwa bado unashuka. Nilimwona yaya akija mbio, kitambaa cha kichwa kimeanguka, akipita katikati ya wanaume kama hawapo. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Nilimshika mimi, kwa mikono yote miwili. Alinipiga kifuani, akaniuma, akanitukana matusi ambayo sikujua kama anayajua. Ukingo aliokuwa anaukimbilia ukazama mbele ya macho yetu. Wenzangu walisema nimemwokoa. Yeye alipiga kelele kwamba nimemzuia kumtoa mtoto wake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Kijana alitolewa akiwa amekufa. Kilio, yaani matanga, kilipoanza nyumbani kwa yaya, nilivua magwanda, nikafunga kikwembe, nikaenda. Kwetu wanaume hukaa nje kwenye viti, na wanawake hukaa ndani, chini, wamebanana kwenye mikeka. Nilipokaa, walionizunguka walisogea. Walinipa nafasi, tena kubwa mno. Nilitamani kulia, nikaogopa watasema polisi analia kwa uongo.

Jioni hiyo wanawake wa ukoo walikuwa wakipanga nani atamshika mama makaburini. Mfiwa haendi peke yake, kwa sababu mama anaweza kujitupa kaburini pamoja na mwanawe. Wawili humshika, huku na huku, na hawachukuliwi watu ovyo. Mkono wa kulia ulipewa dada yake. Walipoanza kubishana juu ya mkono wa kushoto, yaya aliinua kichwa. Sauti ilikuwa imemwishia.

"Ni ule mudogo wangu, polisi," alisema. "Ye ndjo alinishikaka kule, hakuniachaka. Kesho ye tena ndjo atanishika."

Mwanamke aliyekuwa karibu nami alirudi taratibu mpaka bega lake likagusa langu.

Asubuhi nilikwenda kumwomba komanda ruhusa. Akakataa. Mazishi ya wachimbaji huwaka haraka, vijana huchoma matairi, na alitaka kila askari wake awe kwenye mstari kati ya umati na barabara. Nilimweleza habari ya mkono wa kushoto. Alinisikiliza, hakuwa mtu mbaya, kisha akasema kazi ni kazi, na atakayetoka kwenye mstari asirudi.

Basi nikaenda makaburini na magwanda yangu.

Yaya alikuja nyuma ya jeneza, dada yake kulia. Kushoto hapakuwa na mtu. Nilisikia baadaye kwamba alikuwa amemkataa kila aliyejaribu. Alipofika mbele yetu alisimama, na umati wote ukasimama pamoja naye. Hakuniita. Aliunyoosha ule mkono tu. Komanda alikuwa akinitazama, vijana walikuwa wakinitazama, na mimi nilimwona yaya peke yake. Nikatoka.

Pale kaburini alijirusha kweli, kwa nguvu ambazo hungezitegemea kwa mtu aliyekuwa hajala. Nilikita buti zangu kwenye udongo na kumvuta kwangu.

"Usiniache, mudogo," alisema.

Nikamwambia siko namwacha. Nilimshika mpaka kaburi lilipojaa, na hakuna kijana aliyeokota hata jiwe.

Halafu wanawake walimzunguka, wakampokea mikononi mwangu, wakampandisha kwenye lori, na wote wakapanda wakiimba, kurudi kwenye kilio kunawa mikono baada ya kuzika. Lori lilijaa. Mimi nilikuwa kazini bado, au hivyo nilidhani, kwa hiyo sikuwafuata. Nilijifuta udongo magotini, nikarudi kwenye mstari. Wenzangu wawili niliosimama kati yao walikuwa wamesogeleana, na komanda alikuwa amegeuza uso. Nikasimama pale katikati, kati ya mstari na kaburi, na vumbi la lile lori lilikuwa bado halijatulia.