Mwano Si wa Kuigiza

Nilikuwa msichana wa tatu kufa. Filamu yenyewe ilikuwa ya kutisha, ya kuungaunga: wasichana wanne wanawindwa na mwanamume mwenye panga karibu na machimbo. Ndiyo nafasi yangu ya kwanza, na nilikuwa nimeililia. Tulipigia picha kijijini, nje ya Rwamgasa, saa saba mchana. Mwongozaji alisema giza ataliweka kwenye kompyuta.

Akaniambia nipige yowe la kweli. Mimi Msukuma, nikapiga ninalolijua: mwano, ule wa kuitana kwenye hatari, ambao ukiusikia unaacha hata tonge mkononi. Wala sikufikiri. Mara uwanja ukajaa watu: akina mama na michi, wachimbaji na sululu, bibi mmoja kajifunga kanga kiunoni, anatweta. Muuaji wetu akatupa panga lake la mbao, akajificha nyuma yangu.

Mwongozaji alifurahi kupita kiasi. "Hilo hilo. Rudia, safari hii tutawaambia wasije."

Bibi yule hakucheka. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikamwomba radhi. Akasema, "Ng'wanone, mwanangu, nimekimbia na miguu hii mibovu. Ukilia tena kesho, nitaangalia kwanza kama kuna kamera."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Wasichana wa pale walikuwa wamesimama wanasikiliza. Sisi tungerudi Shinyanga mjini. Wao wakivamiwa njiani wakitoka kisimani, hawana silaha nyingine ila mwano, na mimi nimeufanya mchezo.

Nikamwambia mwongozaji sirudii. Nitakimbia, nitaanguka, anipake damu ya rangi mpaka kwenye meno, ila mwano hapana. Akasema wanaoitaka nafasi yangu wamejaa Shinyanga nzima. Akanitupia na methali: mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nikamjibu, basi na kibaki huko huko uvunguni.

Hakunifukuza, maana nusu ya filamu ilikuwa imeshapigwa. Alilifuta jina langu kwenye bango, akatafuta sauti nyingine.

Filamu nimeitazama kwenye banda la video hapa Ngokolo, Shinyanga, ninakoishi. Mdomo ni wangu, umeachama, lakini anayelia ni dada fulani wa Dar es Salaam, kama kaona mende. Watu walicheka, nami nikacheka nao. Tulipotoka, mama jirani yangu akaniuliza kwa nini hawakuweka sauti yangu.

"Kwa sababu naishi peke yangu, mama," nikamwambia. "Siku ukiisikia, nataka uje."