Maneti Iliyong'olewa Waya

Naishi Likasi hadi leo, mji wetu wa migodi, mtaa wa Kikula, na nyumba ninayoizungumzia ni hii hii nilimoketi. Usidhani nakuletea habari niliyoiokota kwenye pombe. Yule mwanamke niliketi naye goti kwa goti, mchana, na kazi yake niliifanya kwa mikono hii. Ukiniamini, vizuri. Usiponiamini, sikulazimishi, ila nisikilize mpaka mwisho.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, mambo yalipoharibika. Nilikuwa fundi umeme kiwandani. Kiwanda kikafa kidogo kidogo, nikarudi nyumbani na bisibisi zangu, nikaweka meza barazani na kuanza kutengeneza redio na pasi za watu. Miaka hiyo hiyo ndipo majirani zetu wenye asili ya mkoa wa Kasai walipofukuzwa. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa hapa, tulisoma nao, tulikaa nao benchi moja kanisani. Makundi ya vijana yalipita nyumba kwa nyumba yakiwatoa, nao wakaenda kulala kwenye stesheni ya treni, chini ya maturubai, wakingoja treni ambazo zilichelewa mno kuja. Wengi walifia pale pale. Mimi sikumfukuza mtu. Lakini sikumzuia mtu pia, na hilo nalisema mapema ili usije ukaniona mtakatifu.

Kaka wa mke wangu, Dismas, alikuwa ndani ya makundi yale. Siku moja aliniletea mashine ya michezo ya televisheni, ile ya zamani ya kuchomeka kaseti nene juu yake. Haikuwa na maneti hata moja, yaani kile kidude cha vitufe ambacho mchezaji hushika kwa mikono miwili. Kilichobaki ni plagi tu, imechomekwa mbele ya mashine, na kipande cha waya kinaning'inia kama mkia. Alisema ameinunua kwa watu wanaosafiri, haitoi picha, niitengeneze. Nilijua anadanganya, naye alijua kwamba ninajua. Niliitengeneza, nikaisukuma chini ya kitanda, na yeye hakurudi kuichukua. Alikuwa na vitu vingi siku zile.

Lazima nikwambie pia kwamba nilimchukia. Alichukua baiskeli yangu kwa siku moja tu, hakuirudisha, na nilipoiulizia aliniuliza nitamshtaki wapi. Kila Jumapili alikuja kula kwangu, na chakula kikiwa bado mdomoni, alimwambia dada yake mbele ya watoto kwamba ameolewa na maiti. Nami nilinyamaza. Unajua chuki ya mtu anayenyamaza? Hailali.

Basi, yule mwanamke alikuja saa tisa mchana, mvua ikinyesha. Mke wangu alikuwa sokoni na watoto shuleni. Sikumwona akipita kwenye njia. Niliinua macho tu, nikamkuta ameketi kwenye benchi mbele ya meza yangu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, kikwembe chake, yaani kitenge, cha kijani kimepauka, na alinuka moshi wa kuni mbichi, kama walivyonuka wote waliokaa stesheni. Nikadhani amebaki nyuma watu wake walipoondoka. Nikamhurumia, niamini.

Alinisalimu kwa heshima, akaweka maneti juu ya meza.

"Papa, banasema weye njo unatengenezaka maradio," alisema. "Nitengenezee hii."

Niliigeuza. Waya wake ulikuwa umekatika karibu na mwisho, plagi haipo. Fundi husoma jeraha la kitu kama daktari anavyosoma la mtu. Ungekuwa umekatwa kwa kisu, ungekuwa na mdomo ulionyooka. Ungetafunwa na panya, ungekuwa na alama za meno. Huu ulikuwa umevutwa. Nyuzi za shaba zilirefuka na kuwa nyembamba kabla ya kukatika, maana yake mtu alivuta upande mmoja na mwingine akakataa kuachilia.

Nilifungua skrubu. Ndani kulijaa mchanga mweusi na vijiwe vidogo, kama vile vya kwenye reli. Nikauliza maneti ilianguka wapi. Akanisogezea bisibisi. Nikasafisha, nikapaka unga wa penseli chini ya vitufe vilivyochoka, kwa sababu penseli hupitisha umeme. Vitufe vikawa tayari. Ikabaki plagi.

Na plagi ya aina ile, Likasi nzima, nilijua iko mahali pamoja tu.

Ningeweza kumwambia kwamba haitengenezeki. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikusema. Labda ni kiburi cha fundi. Niliingia chumbani, nikachomoa ule mkia, nikarudi nao. Nilipoweka ncha mbili karibu karibu, rangi zikalingana, na waya mrefu wa upande huu ukakutana na mfupi wa upande ule, wote watano, kila mmoja mahali pake. Ulikuwa waya mmoja. Chuma changu cha kulehemu nilikuwa nakipasha kwenye mbabula, jiko letu la makaa, maana umeme ulikuwa wa kubahatisha. Nikaunganisha waya mmoja baada ya mwingine bila kuinua uso, na yeye aliangalia mikono yangu bila kupepesa.

"Sasa leta na mashini yenyewe," alisema. "Iko chini ya kitanda."

Sikuwa nimemwambia chochote kuhusu kitanda. Lakini miguu ilikwenda. Nikaileta, nikaiunganisha na televisheni yangu ndogo, na picha ikaja. Akashika maneti, akacheza.

Nimeona watu wengi wakicheza. Sijaona mtu kama yule. Alikaa wima kama mtu aliyeko kanisani, uso umetulia, vidole gumba vikienda mbio.

"Batu banawazaka muchezo ni ya batoto," alisema, macho kwenye kioo. "Hapana. Bwana yangu aliniletea minye. Saa ile baliingia, minye nilikuwa nacheza. Mumoja akavuta mashini. Minye nikakatala kuachilia. Akavuta mpaka waya ikang'oka, akanipiga teke, akaenda." Alicheza kidogo tena. "Alikuwa amejifunga kitambaa ku uso. Minye niko natafuta jina tu. Nani alikuletea?"

Nilisema nimeinunua Lubumbashi. Aliendelea kucheza tu. Nikasikia baridi ikipanda kutoka sakafuni hadi magotini, na makaa kwenye mbabula yakawa meusi mbele yangu, ingawa nilikuwa nimeyaongeza sasa hivi. Akauliza tena, kwa sauti ile ile.

Hapa ndipo watu huniambia, wewe uliogopa, usijilaumu. Ndiyo, niliogopa. Lakini hofu peke yake ingenifanya nitaje jina na kunyamaza. Mimi nilisema Dismas, halafu nikaongeza jina la baba yake. Nikaeleza anakaa mtaa wa Panda, mstari wa mwisho wa nyumba za wafanyakazi, na kwamba mlango wake wa nyuma haufungi vizuri. Nikataja hata saa anayokaa kula. Nilisema yote hayo bila kuulizwa, na moyoni nilikuwa na furaha tamu kama sukari. Akilini nilimwona Dismas akipigwa na ndugu za huyu mama, na nikasema moyoni, nenda sasa ukamwambie dada yako nani ni maiti.

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Na weye ulijua," alisema.

Nikasema ndiyo, mama. Sikuweza kumdanganya tena.

Alichomoa maneti, akauviringisha waya kwenye kiganja chake mara nyingi, kwa nguvu, akashuka barazani na kuingia mvuani, upande wa stesheni. Mashine aliiacha.

Jirani yangu, Mama Jeanne, alikuwa ametoka kutega ndoo kwenye bati. Akaniuliza kwa nini nimekaa muda wote nikiongea peke yangu mbele ya televisheni iliyozimika. Nikamwambia haikuzimika, mteja wangu alikuwa anacheza. Akacheka. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima tangu asubuhi, alisema, na tangu atoke hakuona mteja yeyote. Niligusa televisheni. Ilikuwa ya moto. Niligusa benchi aliloketia mtu aliyetoka mvuani. Lilikuwa kavu.

Jioni ile ile mke wa Dismas alikuja akikimbia. Tulikwenda naye Panda, tukamkuta Dismas sakafuni, sahani imevunjika, bukari, ugali wetu, na mboga vimetapakaa. Mikono yake miwili ilikuwa imejikunja mbele ya tumbo, vidole vimeshika kitu kisichokuwepo, na vidole gumba vinabonyeza, vinabonyeza. Tulijaribu kuvifungua, mimi na wanaume wawili. Ni kama kufungua chuma. Alisema mwanamke wa kikwembe cha kijani aliingia kwa mlango wa nyuma, akamwita kwa jina lake na la baba yake, akamshika mikono yote miwili kana kwamba anampokea mgeni, akatoka.

Daktari alisema ni mishipa. Padri aliombea. Mganga mmoja upande wa Buluo alimwangalia tu, akakataa hata kumkaribisha aketi.

Mimi nilikwenda kwa katekista wa parokia, ambaye siku zile aliandika majina ya waliofia stesheni. Nilimweleza sura ya yule mama, na kikwembe. Akamkumbuka mara moja. Aliitwa Mama Antoinette. Alikufa kwa kuhara, wiki kadhaa kabla ya siku ile aliyoketi barazani kwangu. Katekista alisema walimzika kando ya reli, na walimzika na kidude fulani cha vitufe mkononi, kwa sababu vidole vyake vilikataa kufunguka.

Niliichukua ile mashine nikaifukia pale pale kwenye kaburi lake. Nilipiga magoti, nikaomba msamaha. Haikubadilisha kitu. Nadhani hata yeye hakuwa na haja ya mashine tena.

Mke wa Dismas alivumilia kwa muda, kisha akarudi kwao. Mke wangu akasema kaka yake hatalala nje, akamleta hapa. Unaelewa sasa? Mtu wa miaka hamsini na kitu, mimi ndiye ninayemwosha. Ninamfungulia suruali. Ninamega bukari, ninachovya, ninamtia mdomoni, asubuhi na jioni, miaka yote hii. Usiku, ng'ambo ya ukuta, tunasikia kucha za vidole gumba vyake zikigongana. Amekuwa mpole. Ananiita ndugu, ananiombea kwa Mungu. Na mara nyingi, katikati ya chakula, hunisimamisha na kuniuliza jambo moja.

"Ndugu, batu balikuwa wengi siku ile, wote na kitambaa ku uso. Nani aliweza kumupa jina yangu?"

Mimi hujibu sijui, na kumpa tonge jingine. Mke wangu hajui. Watoto hawajui. Nililipiza kisasi changu kwa mkono wa maiti, nacho kimehamia kwangu, kinakula mezani pangu.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, kama una chuki na mtu, uiogope chuki hiyo kuliko unavyomwogopa yeye. Na kama chini ya kitanda chako kuna kitu cha mtu aliyefukuzwa, mtafute umrudishie angali hai. Usingoje aje mwenyewe. Akija mwenyewe, kile kitu hatakitaka tena. Atataka jina.