Chanjo ya Hamira Nyanungu

Ryoba alipoanza kuvimba tumbo, ndugu zake walimtazama mke wake kwanza, halafu beseni lake la unga.

Agustina alikuwa akioka mikate pale Nyanungu tangu aolewe. Hospitalini waliambiwa Ryoba ana homa ya ini, ile ya kirusi B, na kwamba wamechelewa. Alifariki macho yakiwa ya njano kabisa.

Baada ya matanga Agustina alikwenda kupima. Gladys, muuguzi wa kituo cha afya, alimpa majibu.

"Huna kirusi, mama. Anza chanjo leo. Na shemeji zako waje, maana huenda walizaliwa nayo kama marehemu."

Akamweleza na inavyotengenezwa. Wataalamu huchukua hamira, hii hii ya mikate, wakaipandikizia maelekezo ya kutengeneza ganda la kirusi. Hamira inazaliana ndani ya mapipa na kutoa maganda matupu, yasiyoweza kumwambukiza mtu. Maganda yanasafishwa, hamira inatolewa. Mwili ukishayaona hayo maganda, unajua adui anafananaje.

Agustina alirudi nyumbani na furaha kidogo, ya kwanza tangu msiba. Alimkuta Nelson, mdogo wa marehemu, akifunga ndama, akamsimulia yote.

"Kwa hamira?" Nelson aliuliza.

"Ndiyo, shemeji. Kama ninayotumia mimi."

Nelson aliachia kamba. "Kwa hiyo kile kinachoumua unga ndicho wanataka kutudunga."

"Hamira yenyewe inatolewa, shemeji."

"Kaka alikula mikate yako akavimba. Wewe umeila miaka yote, hujavimba. Kwa nini?"

Maneno yalisambaa. Wateja wakaacha kuja, na akina mama waliopita na watoto wao karibu na jiko lake waliwashika mkono. Yeye aliendelea na sindano zake mpaka akamaliza.

Mchana mmoja Sarah, mke wa Nelson, aliingia jikoni kwake, akakataa kukaa.

"Dada, macho ya Nelson yameanza kuwa ya njano," alisema.

Walikwenda wote wawili kwa Gladys. Sarah hakuwa na kirusi, akachanjwa. "Lakini mumeo chanjo haitamsaidia," Gladys alimwambia. "Anahitaji dawa, na mapema. Mlete."

Nelson hakuja. Aliposikia mkewe amedungwa, alikwenda kwa Agustina akiwa na ndugu zake wawili. Hawakupiga kelele. Walimwambia tu aondoke kabla ya mavuno.

Sasa anaoka Morotonga, ambako mikate inanunuliwa na hakuna anayemjua. Juzi Sarah alimpigia simu. Tumbo la Nelson limejaa, hawezi tena kufunga mkanda, na bado anakataa hospitali.

"Ndugu zake wanauliza unakaa mtaa gani," Sarah alinong'ona.

"Umewaambia?"

"Nimesema sijui."

Halafu Agustina akasikia simu ikinyang'anywa, na mtu mwingine akipumua upande wa pili.