Papai la Mwenye Bucha

Mwenye bucha alikuwa mwanamke wa maneno machache na bei moja. Mumewe, fundi saa wa kibanda jirani, alimwita Jiwe, kwa sababu ujanani alimlilia apunguze bei ya maini hadi koo likamkauka, mwisho akaona nafuu amwoe tu. Sasa mwaka wa pili fundi hamwiti chochote. Hushinda kitini akizungusha vidole hewani, kama anayekaza skrubu isiyoonekana.

Jiwe alitaka kitu kimoja: aitwe tena.

Kliniki, daktari, binti mdogo mwenye subira, alimweleza ugonjwa wa mumewe. "Mama, kila seli ina wakataji wake, vimeng'enya. Protini ikichakaa wanaikatakata, inaondolewa. Kwa mzee wamelegea. Taka zimejaa, seli za ubongo zinakufa mojamoja."

"Wakataji kama utomvu wa papai ninaolainishia nyama?"

"Ni wa ukoo huohuo, ndiyo."

Daktari angalijua, angalinyamaza. Jiwe aliondoka na hoja yake kichwani: utomvu unaoshinda nyama ya ng'ombe mzee kwa saa moja, utashindwaje na taka za kichwani? Mwezi mzima akamlisha mume papai bichi, asubuhi na jioni. Kilicholainika ni tumbo.

Akarudi kwa daktari amefura. "Nimemlisha papai mwezi mzima. Bidhaa yako haifanyi kazi."

Daktari akacheka, kisha akaacha. "Mama, vimeng'enya vya papai vinaishia tumboni, navyo vinasagwa kama chakula. Havifiki kichwani. Na vingefika, balaa. Nyama ukiisahau kwenye utomvu usiku kucha inakuwaje?"

"Uji."

"Basi. Mkataji asiye na mipaka hachagui, taka na kizima vyote anavila."

"Na seli zilizokwisha kufa?"

"Hazirudi, mama."

Jiwe akatoka, akapitia sokoni.

Nyumbani alikata papai bivu, safari hii kwa vile fundi anapenda vitamu. Fundi alitafuna akiitazama mikono ya mkewe.

"Mama, umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Mumeo ana bahati. Una mkono usiotetemeka."

"Mwambie mwenyewe."

"Kwani yuko wapi?"

"Yuko karibu. Ila kumpata ni kazi."

Fundi akaguna kwa huruma. "Mngoje kidogo, basi. Usimchoke."

Nje wateja walikuwa wakigonga mlango wa bucha, wakimwita kwa kelele. Jiwe akavuta kiti, akaketi kumngoja.