Nuru Niliyoidai Kabla ya Kuiona

Ipo siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na hata leo nikiisimulia moyo hunienda mbio.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nakaa na shangazi yangu Michenzani, ghorofa ya nne. Kila Alhamisi baada ya alasiri nikenda Mji Mkongwe kwenye darsa ya Bi Shuweikha. Akitufundisha habari za maarifa, ile elimu ya kumjua Mola kwa moyo, si kwa kuhadithiwa. Lo, nilivyoipenda! Milango mizima ya vitabu, sura kwa sura, nikaihifadhi.

Alhamisi moja, katikati ya dhikri, mwenzangu aliyekaa ubavuni mwangu akabubujikwa na machozi, na Bi Shuweikha akamshika kichwa kwa upole. Wivu ukaning'ata. Wiki ya pili nikafumba macho, nikatetemeka, nikaanguka. Nilipoinuka nikasema nimeona nuru nyeupe. Wanawake wakasema mashaallah. Bi Shuweikha akaendelea kumimina kahawa.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nami nilijitembeza kweli. Haukupita mwezi watu wakawa wanabisha hodi kwetu niwaombee dua, nami nikaona raha.

Siku moja mchana akaja Tatu, mkulima wa mwani kutoka Chwaka, na mwanawe wa miaka miwili anayewaka homa. Alikuwa njiani kwenda hospitali, akasikia sifa zangu kwa jamaa zake, akaona apite kwangu kwanza. Ilinipasa nimwambie aendelee na safari yake ya hospitali. Badala yake nikasoma, nikampulizia mtoto, nikamwambia mama akae, nimeonyeshwa kuwa homa itashuka kabla ya magharibi.

Haikushuka. Mtoto akalegea mapajani mwa mama yake, macho yakageuka meupe. Nikatafuta kifuani mwangu kile nilichokuwa nikijisifia, nikakuta patupu, mwanangu. Patupu kabisa.

Nikashuka ngazi mbio hadi kwa Mama Agnes, muuguzi, Mkristo aliyetoka Tabora, ghorofa ya pili. Akapanda nami juu mbio. Alimbeba yule mtoto, tukaingia kwenye teksi, na hospitalini akaingia naye ndani.

Mimi na Tatu tukabaki kwenye benchi. Nikamwambia, "Sikuona nuru yoyote. Nimekudanganya."

Akanitazama. "Mwanangu akipona," akasema, "ndo n'tajua la kukwambia."

Baadaye Mama Agnes akatoka, akasema mtoto ametiwa dawa na sasa tungoje. Akakaa pembeni yangu, akafumba macho, viganja wazi mapajani, kimya. Nami nikafumba macho, nikanyamaza, maana ile milango yote niliyoihifadhi ilikuwa imenitoka.

Na hapo ndipo! Si nuru, si sauti. Miaka yote nilihangaika nimjue Mola, na pale kwenye benchi nikajua kuwa mimi ninajulikana. Uongo wangu wote, woga wangu wote, mimi mzima, na sikufukuzwa. Nilijua hivyo kama unavyojua kuwa una kiu. Machozi yakanitoka bila kuyaita.

Nilipofumbua macho Mama Agnes alikuwa akiniangalia, anatabasamu.

"Mimi hali hii huiita kukaa mbele ya Mungu," akasema taratibu. "Nyinyi mnaiitaje?"

"Bi Shuweikha anaiita maarifa."

"Jina zuri," akasema.

Yeye alibaki na kanisa lake, mimi na msikiti wangu. Lakini tangu siku ile tukikutana ngazini tulicheka kama watu waliokunywa maji ya kisima kimoja.

Siku ya tatu mtoto akaomba uji. Tatu akanishika mkono, akaniambia niende nikawaambie wale wanawake wa darsa kama nilivyomwambia yeye, wote, nisibakishe hata mmoja.

Nikenda. Nikasema mbele yao wote kuwa sikuona nuru yoyote. Bi Shuweikha akaniita karibu, akanikalisha.

"Nilijua tangu siku ile," akasema. "Kabla hujaanguka, ulitazama kwanza pa kuangukia. Aliyezidiwa hachagui mkeka."

Kisha akanishika kichwa.

Sasa nisikilize, mwanangu. Siku hizi kila simu ina mtu anayesema amefunuliwa. Usimwonee wivu, wala usikimbilie kumcheka. Soma sana, lakini usijidai kuona usichokiona, maana mwongo njia yake fupi, na mwisho wa ile yangu nusura uwe kaburi la mtoto wa mwenzangu. Mgonjwa mpeleke kwa tabibu, na dua umwombee njiani. Ukimkuta wa dini nyingine amekaa kimya na Mola wake, mheshimu, huenda anajua unachokitafuta. Na siku ukijaaliwa kuonja, utajua mwenyewe, hutahitaji shahidi.

Mola akufungulie moyo, akuepushe na sifa usizostahiki, na akujue kwa huruma yake kabla hujamjua. Amin.