Udongo wa Kaka Masalu

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Paskalina siku ya tatu hakupewa jembe, alipewa gari. Davis, mtoto wa marehemu kaka yake, aliazima Noah ya rafiki, akaipangusa vumbi, akasema, "Leo shangazi tunatembea tu. Nakupitisha Maganzo, halafu Old Shinyanga uone majengo ya zamani. Usije ukarudi Zambia ukasema kwetu hakuna cha kuona."

"Na kaburi?"

"Tutaenda, shangazi. Haraka ya nini?"

Haraka alikuwa nayo. Basi lake lilikuwa la kesho alfajiri. Alikuwa ameolewa Ndola miaka thelathini na miwili, na Masalu alipofariki, miaka mitatu iliyopita, yeye alikuwa kitandani na nyonga iliyovunjika. Walimpigia simu wakamwambia, "Tumeshamzika." Sasa, katika ukoo wao, aliyekosa mazishi akirudi huanzia kaburini: anachota udongo, anautupa, analia, ndipo anaingia ndani kusalimiwa. Lakini alipofika nyumbani Mhunze, wifi yake Eufrasia, mama wa Davis, alimpokea begi, akampa maji ya kuoga, akamwekea wali kwa kuku. Kila alipotaja kaburi aliambiwa kesho. Akala, mjinga yeye! Tangu hapo kila akifumba macho alimwona Masalu amesimama mlangoni na koti lake la kaki, haingii wala haondoki.

Maganzo, Davis alimwonyesha vibaraza ambako wanunuzi wa almasi walikaa enzi za babu zao. Paskalina alikuwa akiitikia kwa adabu, mara akaona koti la kaki likikata kona nyuma ya kibanda cha chipsi, na mwendo ule ule wa Masalu wa kuburuta mguu wa kushoto. Alishuka kabla gari halijasimama vizuri.

"Kaka!"

Mtu akageuka. Alikuwa muuza mitumba, begani makoti sita. "Karibu, mama. La kwako au la mzee?"

Alirudi garini. Davis akaongeza sauti ya redio.

Old Shinyanga walikunywa chai kwenye ngazi za duka la zamani, juu ya mlango pameandikwa kwa saruji mwaka lilipojengwa. Davis alieleza nani alijenga, nani alihama, pamba ilipimwa wapi; alieleza kama aliyelipwa. Paskalina akaweka kikombe chini.

"Davis. Baba yako hana kaburi."

Kijana mwenye miaka arobaini, baba wa watoto watatu, akainama akaanza kulia mbele za watu. Mficha maradhi kilio humuumbua. "Hatukumpata, shangazi. Duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lilimfukia kule Mwakitolyo. Walifukua siku nne wakaacha. Mama akasema ukiambiwa hivyo ukiwa mgonjwa utakufa na wewe. Basi tukasema tumezika."

Paskalina alitamani kumzaba kibao. Miaka mitatu alikuwa akimwombea mtu kwenye kaburi la uongo, na waongo wenyewe walikuwa wanamtembeza kama mtalii! Akamwaga chai iliyobaki, akasimama.

"Nipeleke."

Walipita Solwa. Mwakitolyo kulikuwa na maturubai, vumbi jeupe na kelele za karasha zikisaga mawe. Davis hakuwa amekanyaga hapo tangu msiba. Alitafuta kwa macho, akaonyesha shimo lililozungushiwa magogo, karibu na kichuguu. Juu yake hapakuwa na mtu, kamba tu na mifuko mitupu.

Paskalina alivua viatu. Akachota udongo kwa mikono miwili, na kilio cha miaka mitatu kikamtoka chote. "Kaka, nimechelewa," akasema, akautupa shimoni.

"We! Nani anatumwagia udongo? Tupo watu huku!"

Sauti ilitoka chini. Paskalina alikaa chini kwa kishindo, na Davis mwenyewe akarudi nyuma. Duara lilikuwa limefunguliwa tena. Alikuwa ametupa udongo wa mazishi juu ya watu wanaopumua! Kwao, hiyo ni kumzika mtu akiwa hai.

"Tokeni!" alipiga yowe. "Tokeni wote! Mko wangapi?"

"Watano!"

Wakaanza kupanda kwa kukanyaga magogo. Wa kwanza akatoka akikohoa. Wa pili, wa tatu. Wa nne alikuwa mtu mzima, Bartholomeo, nyusi nyeupe kwa vumbi. Nyuma yake hakuja mtu. Paskalina aliangalia kwenye lile giza, akasubiri.

"Wa tano yuko wapi? Mwiteni! Nimemuua mtoto wa watu!"

Bartholomeo alimtazama, kisha akamtazama Davis kwa muda mrefu, kama anayelinganisha sura.

"Wa tano hapandi, mama," akasema taratibu. "Ni Mzee Masalu. Alibaki humo, na sisi hatujawahi kumtoa kwenye hesabu. Kila asubuhi tukishuka tunampa shikamoo, ndipo tunashika nyundo."

 Paskalina alitambaa mpaka ukingoni, akashika gogo kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, kaka."

Wale wanne wakavua kofia. Hakuna aliyecheka wala aliyemhimiza, walimwacha angoje marahaba.